Dogo wa penalti ya tano mwacheni

Haya niliyasema Jumapili baada ya Alasiri kwenye kikao cha mashabiki wa timu ya shule yetu, huku Ngamiani, vijana wakarekodi kwa simu alafu wakarudi kuniambia mzee sauti imemezwa na bodaboda, tuandikie. Nimeandika kama nilivyosema, nimepunguza maneno makali mawili matatu kwa sababu ya watoto.

Assalaam aleykum. Bwana asifiwe. Shikamooni wakubwa zangu wachache mliobaki, na nyie wadogo nawapa marahaba hata kama hamjaniamkia mana naona leo mmenuna.

Mwenyekiti, walimu mliokuja, wazazi, wenzangu wa kijiwe cha kahawa, kina mama mliokwenda na vigelegele mkarudi navyo. Ratiba imeandika hapa "neno la mzee dakika kumi", sasa nani alimwona mzee wa Tanga anaongea dakika kumi, tutakwenda tu mpaka mtakaponivuta kanzu.

Mi nianze na neno moja ambalo nimekaa hapa nimesikiliza wasemaji wanne na hamna aliyelitoa mdomoni. Tumefungwa. Mmoja kasema tumeonewa, wa pili tumeuzwa, wa tatu katuambia kuna kitu kilifukiwa golini, huyu wa nne msomi kasema matokeo hayakuwa upande wetu, kama msemaji wa klabu anaongea na waandishi. Tumefungwa jamani. Mpaka mapumziko tunaongoza mbili bila, watu washaanza kupanga msafara upite barabara ya ngapi, kipindi cha pili wenzetu wakarudisha zote mbili, tukaingia kwenye matuta, yani kupigiana penalti, wakatupiga nne kwa tatu, kombe likapakiwa kwenye Noah likaondoka na honi mpaka kona. Imeuma. Mi mwenyewe chai ya usiku ule ilinishinda, mke wangu akadhani malaria.

Na inauma zaidi kwa sababu sie watu wa mji huu mpira tunaujua, hatujausomea kwenye simu. Tanga hii imewahi kuchukua ubingwa wa nchi, Coastal Union, 1988, Simba na Yanga wapo hai na wanaangalia. Mwaka huo mi nilikuwa nacheza timu ya shule hii hii, beki wa kushoto, namba tatu, we kijana pale usicheke najua unachocheka. Tulikuwa tukitoka darasani tunakimbilia uwanja wa Mkwakwani kuwaangalia wakifanya mazoezi, mtu ukirudi kiwanjani kwako unataka kuruka kama yule, kukaba kama yule. Kwahiyo mtu asije akaniambia mzee hujui uchungu wa timu. Uchungu naujua. Ninachokataa ni huu uchungu kupelekwa nyumbani kwa mtoto wa form tuu.

Maana ndo tulikofika. Tangu Jumamosi ile kuna kipande cha video kinazunguka, dogo anapiga penalti ya mwisho, mpira unagonga mtambaa panya, alafu mtu kaweka sauti ya mbuzi juu yake. Kimekwenda kwenye status, kikaja kwenye grupu la mashabiki, kikaingia grupu la wazazi, juzi shangazi yangu yuko Muheza huko hana habari na mpira kabisa ananitumia ananiuliza huyu ndo wa shule yenu? Dogo hajaonekana shule. Mama yake nimekwenda kumsalimia, na kwa heshima yake yaliyosemwa pale ndani sitayasema hapa, ila niwaambie tu kwamba kuna mtu mzima, ana ndevu, alipita mlangoni kwao akasimamisha pikipiki akauliza mlilipwa bei gani.

Sasa mi nataka niwaelezee ile mechi, mana wengi mmeiona mkiwa mmekaa upande wa jukwaa lenye kivuli, mi nilikuwa upande wa benchi, kazi yangu mnaijua, ndoo ya maji na kikombe. Niliyoyaona nitayasema.

Tuanze na hilo goli la pili mnaloliita la kuotea. Binti wa watu aliyeshika kibendera mlimtukana mpaka nikaona aibu na mvi zangu. Alikuwa sahihi. Namba mbili wetu, beki wa kulia, dakika kama tano kabla alishaanza kushika paja, misuli imekaza, akaja kuanguka karibu na kibendera cha kona, ndani ya mstari, sio nje. Kalala pale anajivuta kidole gumba cha mguu. Mpira haujasimama, wenzetu wakaurudisha ndani kwa krosi, straika wao yuko peke yake anatia nyavuni, mabeki wote wawili wamenyoosha mikono juu kama wanaomba taksi. Ameotea! Ameotea wapi? Beki aliyelala ndani ya uwanja anahesabika, sheria haijasema lazima awe amesimama, na yule wetu kalala karibu kabisa na mstari wa goli kwahiyo uwanja mzima kauweka salama. Yule binti akakimbia na bendera yake chini mpaka katikati. Angeinua ndo tungekuwa na la kusema.

Na kwanini namba mbili misuli ilikaza? Hapo mnaanza kuniangalia kama mnataka kusikia jina la mganga. Walicheza nusu fainali Alhamisi, Ijumaa asubuhi wale wa form foo walikuwa kwenye mtihani wao wa mock, Jumamosi fainali, na yule kijana anakaa Pongwe, amekuja na baiskeli, jua la saa nane, baiskeli ya baba yake ambayo gia moja tu ndo inakubali. Amefika anatiririka jasho akavaa jezi. Amekula nini? Nilimuuliza, akanijibu, "Babu nilikunywa chai." Basi. Mtu kanywa chai asubuhi anakaba winga mwenye mbio vile mpaka saa kumi na mbili kasorobo, na joto letu hili la pwani ambalo hata ukikaa tu unatoka jasho. Mi nashangaa alifika dakika ile.

Goli la kwanza lao ndo lenye hadithi yenyewe, na hili nawaomba mnisikilize vizuri, we mwenye simu iweke chini kidogo.

Winga wetu wa kulia aliumia enka. Mwalimu akaamua amtoe amuingize huyu dogo. Mlikuwa mnapiga kelele kule jukwaani, "Mwalimu unachelewa nini! Mwalimu umelala!", nawasikia. Mwalimu alikuwa hajalala. Dogo alikuwa amesimama kwenye mstari na soksi. Hana njumu. Alikuja na raba ambazo mbele zimeachia mdomo, refa kabla ya mechi alizikagua akasema na hizi haingii mtu, nyasi zimelowa. Kwahiyo mpango ulikuwa kwamba atavaa za atakayetoka. Ndo hivo timu yetu inavyokwenda siku zote, nyie hamjui kwa sababu mnakuja kwenye fainali. Sasa winga katoka, kakaa chini nje ya mstari, anafungua kamba, kamba imelowa, mfundo umekuwa kama jiwe, vidole vinateleza. Mwalimu akapiga magoti. Akaung'ata ule mfundo kwa meno. Mwalimu wa watu, digrii yake, amebeba mguu wa mtoto mapajani anang'ata kamba ya kiatu yenye matope, na nyuma yake watu mia kadhaa wanamwambia amelala.

Huko ndani tuko kumi. Mpira ukaenda wapi? Upande ule ule usio na mtu. Krosi, kichwa, mbili moja.

Alafu dogo akaingia, na kiatu cha namba tisa, mguu wake saba. Mbele tumejaza soksi nyingine. Hiyo soksi ni yangu, niliivua pale pale.

Sasa hapo niambieni mganga anaingilia wapi. Hii kamati ya ufundi inayopitisha kofia eti golini kusafishwe kabla ya msimu ujao, nimesikia mshachanga hela ya maana, na mwenyekiti wa kamati nakuona umejificha nyuma ya mwembe, hiyo hela ingenunua njumu za mitumba pale Mgandini pea kadhaa na chenji ya ndimu na glukosi ikabaki. Sijasema mengine. Mambo ya ndumba kwenye mpira wetu nimeyakuta na nitayaacha, lakini mchawi gani huyu anayekaza mfundo wa kamba.

Tukaja kwenye matuta. Kwa wale mnaosema matuta ni bahati nasibu, mjue zamani ilikuwa bahati nasibu kweli, kabla ya 1970 sheria za mpira za dunia hazikuwa na mambo ya kupigiana penalti mechi ikiisha sare, mara nyingine walikuwa wanarusha shilingi. 1968 Italia na Urusi ile ya zamani ya Kisovieti, nusu fainali ya Ulaya, sare, wakarusha shilingi, Italia wakaenda fainali na ndo wakachukua kombe. Fikirini dogo wetu angekuwa enzi hizo mngemlaumu nani, shilingi?

Basi giza linaanza kuingia, kiwanja chetu taa hakina, refa anataka mambo yaishe kabla ya adhana. Mwalimu kawakusanya, anauliza nani anapiga. Wa kwanza akapatikana. Wa pili nahodha. Wa tatu, wa nne. "Wa tano nani?" Kimya. Mi niko pale na ndoo yangu, nimewaona kwa macho yangu haya. Wakubwa, form foo, wengine wana ndevu, majina yao mnayaimba kila mechi. Mmoja akainama kufunga kamba ambayo imefungwa. Mwingine akaniambia babu naomba maji, kikombe kiko mkononi mwake kimejaa. Siwasemi vibaya, ni watoto na wao, mguu ukiwa mzito unajijua mwenyewe, pengine walifanya busara. Mwalimu karudia. Ndo hichi kitoto kikanyoosha mkono kama kiko darasani, "Mwalimu, mi napiga."

Akaenda. Kutoka katikati ya uwanja mpaka kule golini ni mbali sana siku ya penalti, aliyewahi kuutembea anajua. Pale kwenye nukta chokaa ilishafutika, kumebaki kishimo, akauchukua mpira akauzungusha, akauweka kwenye ukingo wa kishimo upande wa kushoto, ukabiringika, akaurudisha. Kipa wao anagonga gonga mlingoti. Kuna shabiki nyuma ya goli kawasha tochi ya simu anammulika usoni, sijui wa upande gani, Mungu anamjua. Dogo akarudi hatua nne, akaja, na mi macho yangu yalikuwa miguuni kwake kwa sababu ya ile soksi. Mguu wa kushoto, ule wa kusimamia, ulipotua kisigino kikatoka kwenye kiatu. Kiatu kimebaki pale pale kimesimama, mguu umeteleza ndani yake. Mwili ukalala nyuma, mpira ukapanda. Mtambaa panya. Nje.

Hiyo ndo rushwa mnayoisema.

Na nahodha je? Nahodha alipiga la pili likadakwa. Mkono wa kipa wao ulikwenda kulia likadakwa kiulaini kabisa, mbona hana video? Mbona mbuzi hajalia? Angefunga yule, hata dogo akikosa ya tano mechi bado haijaisha. Lakini watu tunakumbuka la mwisho tu, na hili sio la Tanga peke yake, dunia nzima iko hivo. Muulize mtu yeyote wa rika langu fainali ya Kombe la Dunia 1994 Marekani nani alikosa, atakwambia Baggio. Italia na Brazil, bila bila, matuta, Roberto Baggio kapaisha juu. Ndiyo kapaisha. Lakini Baresi alishapaisha, na Massaro alishadakwa kabla yake! Watatu wamekosa, anatajwa mmoja. Na huyo mmoja ndo aliyewavusha mpaka pale, mbili kaifunga Nigeria na timu ilishafika mlango wa kutokea, moja Hispania, mbili Bulgaria. Magoli matano ya mtoano, yamefutwa na shuti moja.

Na Gyan? Huyu kila Mwafrika alilia siku yake. 2010, robo fainali, Johannesburg, Ghana na Uruguay, moja moja, dakika za nyongeza zinaisha, Suárez kaushika mpira kwenye mstari kama kipa, kadi nyekundu, penalti. Gyan akifunga Afrika inaingia nusu fainali kwa mara ya kwanza. Mtambaa panya, kama wetu. Sasa kitu ambacho watu wanakisahau, na mi ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye ile mechi: dakika chache tu baadaye matuta yanaanza, nani wa kwanza kupiga kwa Ghana? Gyan huyo huyo. Akaenda, akafunga. Ghana wakatolewa kwa sababu wengine wawili walikosa, ila yeye alirudi pale pale alipofia akapiga tena. Mtu kama huyo anapata wapi miguu sijui.

Nikirudi nyumbani, 2022, wengi mlisafiri, Arusha, fainali ya kombe la shirikisho la hapa nchini, Coastal yetu na Yanga. Mchezaji wetu Sopu kafunga tatu peke yake. Tatu, kwenye fainali, dhidi ya Yanga! Ikaisha tatu tatu dakika 120, wakatutoa kwa matuta nne moja. Tulirudi tumenyamaza kwenye basi kutoka Arusha mpaka Kange, lakini mnakumbuka kilichofuata, Azam walimchukua Sopu. Wenye macho ya mpira waliangalia alichofanya kwenye dakika 120. Nimeyaleta haya kwa sababu pale kwenye fainali yetu kulikuwa na mwalimu mmoja wa michezo kutoka wilayani, ana daftari, na dogo alipoingia aliwapita watu wawili pembeni mara kadhaa na kile kiatu chake cha kuazima, mwenye daftari alikuwa anaandika. Nyie mlikuwa mnaangalia nini?

Nyie wa Jangwani hapa, Yanga, msitikise vichwa. 2023, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, mlifungwa na USM Alger mbili moja Dar es Salaam, mkaenda kwao Algiers mkashinda moja bila, mbili mbili, kombe likabaki kule kwa goli la ugenini. Mlishinda mechi ya mwisho mkarudi bila kombe. Kuna aliyekwenda mlangoni kwa mama wa mchezaji? Na nyie wa Msimbazi, Simba, mnaocheka, fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan 1993, kule kwao suluhu, kwetu hapa mbili bila, wazee wengine ukiwatajia mpaka leo wanaacha kikombe. 2025 mkafungwa fainali nyingine na Berkane. Mlilala, mkaamka, mkanunua jezi mpya. Mtu mzima analipwa mshahara mnamsamehe, mtoto anayechangiwa nauli ndo mnamkazia.

Hili la kubeti nalo. Nimesikia humu ndani kuna watu waliwekeana hela kwenye mechi ya wanafunzi. Mwenye mkeka wake wa Ulaya huko shauri yake na mkewe. Lakini ukishaweka hela yako kwenye mguu wa mtoto wa form tuu alafu mguu ukakosea, hizo hasira zako ni za mkopo, usituletee kwenye kikao cha timu. Hili nimemaliza.

Mwalimu mkuu kaniomba niseme jambo moja la shule, nalisema kwa ufupi. Watoto wale wana UMISSETA mbele yao, michezo ya shule za sekondari, na huko mchezaji anachujwa kwa ngazi, shule, wilaya, mkoa, ndo mkoa unaunda timu ya kwenda taifa. Kupoteza kombe hili hakujamfuta mtu. Wapo watoto wa shule nchi hii hii, wasichana wa Fountain Gate wa Dodoma, 2023 walikwenda Durban wakabeba kombe la shule la Afrika nzima. Wasichana! Kina baba mnaosema binti asicheze mpira, hilo nimelisema makusudi, na nimemwona mwenye kuhusika.

Ila mtoto asiyekuja shule hachujwi, anafutika tu. Wa Pongwe yule namba mbili Jumatatu alikuja, anachechemea, kaja na baiskeli ile ile. Dogo hajaja. Jana baada ya Isha mi na mwalimu na nahodha tulikwenda kwao. Nahodha ndo aliyeomba kwenda, sikumtuma. Walikaa nje kwenye ngazi wawili wao, mi na mwalimu tukakaa ndani na mama tukanywa uji wa pilipili manga mtamu sana, tukasikia wanacheka huko nje, nikamuuliza nahodha njiani mlikuwa mnacheka nini, akasema dogo kamuuliza "kapteni, na we ukipiga lile lako ulivaa kiatu cha nani?" Nahodha alivaa chake. Kakosa na kiatu chake mwenyewe. Wakacheka mpaka jirani akafungua dirisha.

Amesema Jumatano atakuja mazoezini. Sasa naombeni, asipigiwe makofi ya kumwonea huruma, asiitwe Baggio, najua nimewapa jina na nyie hamna dogo, asiulizwe chochote. Mkimwona mpeni mpira acheze. Na kile kipande cha video kifutwe leo kabla hamjatoka hapa, admini wa grupu yuko mbele yangu, amesema atakayekirudisha anatolewa, hata akiwa mfadhili, hata akiwa mi.

La mwisho ni kazi. Tunataka njumu. Fundi viatu wetu wa kona, mnamjua, kasema atashona na kubandika bure mpaka mwisho wa mwezi, mwacheni basi na yeye apumue msimpelekee na viatu vyenu vya ofisini mkidai vya timu. Namba sita mpaka nane ndo hatuna kabisa, tisa na kumi zipo mbili. Zilizotoboka kidogo leteni, zilizokatika soli katikati msilete, shule sio dampo. Kuna mzee humu ana njumu za 1990 na kitu huko kaziweka kabatini kama picha ya harusi, na yeye najua namba yake ni saba, nitampitia nyumbani. Mwenye baiskeli nzima isiyo na kazi tuongee pembeni habari ya yule wa Pongwe. Na mwenyekiti wa kamati ya ufundi, ile kofia ilete hapa mezani, mhasibu ahesabu mbele ya watu.

Daftari linapita. Mwandishi anzia upande huu wa kulia, kwa hawa watatu, mana kwenye grupu ndo walikuwa wanaandika sana. Mgosi, we unatoa ngapi?